Usisimame Mbele ya Jiwe

Juzi nilipita karakanani kwenu hapa Kibiti kutafuta mtu wa kunitilia mpini jembe langu. Nikakuta mawe ya kunolea matano, mapya, yale membamba ya duara yanayokuja na karatasi katikati, yamelazwa sakafuni moja juu ya jingine, na juu ya yote mmetua sufuria la uji. Nikauliza, "Haya mawe ni ya nani?" Mkajibu kwa pamoja, "Ya karakana, babu." Kitu cha karakana hakina mwenyewe, ndiyo maana huua watu.

Siku ile sikusema neno kwa sababu mlinipa kikombe cha uji, na mtu hamgombezi anayemlisha. Leo uji umekwisha tumboni. Kaeni niwaambie.

Mimi nimetunza mawe ya kunolea tangu sijaota mvi mpaka meno ya mbele yaliponiaga. Jino la kwanza lilitolewa na jiwe, mengine yakatoka yenyewe kwa uzee. Kazi niliianza katika kiwanda kimoja cha mbao ndani ya delta, upande wa Maparoni, siku za Mjerumani. Mwenye kiwanda alikuwa Mzungu mmoja tuliyemwita Bwana Msumeno, kwa sababu ya ukelele wake akikasirika. Wakata mikoko walikuwa wanaleta mashoka yao asubuhi, yamekufa makali kabisa. Mkoko ni mti mgumu, hula shoka kama panya anavyokula sabuni. Sisi tulinoa kwa jiwe kubwa, upana wake kama ungo wa kupetea mpunga, likizungushwa kwa mkanda wa injini ya mvuke.

Aliyenifundisha aliitwa Fundi Mkumba, Mmatumbi wa milimani kule kusini, mtu mfupi mwenye masikio makubwa. Mimi Mndengereko, mtani wake, kwa hiyo alikuwa na haki ya kunitukana tangu alfajiri mpaka machweo, nami nikamrudishia kwa adabu, maana alikuwa fundi wangu. Siku ya kwanza alinitia ghalani akaniuliza, "Umeoa, we Mndengereko?" Nikamwambia nimeoa majuzi tu, kule kijijini Mtawanya. "Mama mkwe unaye?" Nikasema ninaye. "Basi kazi unaijua."

Nilidhani ana wazimu. Akanieleza. Mama mkwe humlazi sakafuni. Humwekei mzigo juu yake. Humwachi kwenye unyevu. Mkikutana njiani husimami mbele yake uso kwa uso, unapinda pembeni kwa heshima. Na kabla hujaingia kwake unabisha hodi, usikilize sauti. Akiitika vizuri, karibu. Akiitika kwa kukwaruza, rudi kwako.

Hivyo ndivyo jiwe linavyotunzwa, na sijasikia maelezo bora zaidi mpaka leo, ingawa nimetumikia Mjerumani na Mwingereza. Jiwe lisimame wima kwenye rafu ya mbao, kila moja na chumba chake, mahali pakavu, mbali na jua. Kabla ya kulifunga, ulining'inize kwenye kidole au kamba, uligonge taratibu kwa mpini wa mti, usigonge kwa chuma. Jiwe zima hulia, sauti inakwenda na kurudi. Lenye ufa hujibu kama boga. Likijibu kama boga, livunje siku hiyohiyo ulitupe, asije mwenzako akaliokota. Na likishaanza kuzunguka, simama pembeni mpaka lizoee, wala usipitie mbele yake hata ukiitwa na mfalme.

Kuhusu msasa sisemi sana. Bwana Msumeno aliagiza boksi zima la karatasi za msasa kwa ajili ya maseremala, akaliweka chini ya kitanda chake lisiibiwe. Delta mnaijua, hata chumvi hulia machozi. Baada ya miezi miwili gundi ikalegea, mchanga wote ukabaki ndani ya boksi, na karatasi zikatoka laini kama za kuandikia barua. Yeye aligawa vilevile. Maseremala walisugua mlango wa nyumba yake siku tatu kwa karatasi tupu, kwa sababu aliyeagizwa kusugua husugua. Mwishowe wakaenda porini wakachuma majani ya mti wa msasa wenyewe, wakayakausha kivulini, wakayalalisha chini ya ubao yasijikunje. Mlango ukang'aa. Bwana Msumeno akaandika kwao Ulaya kusifu karatasi.

Sasa njooni kwenye vita.

Mmesikia habari za Maji Maji kwa babu zenu. Waganga wa kusini ya mto walitoa maji ya dawa, mtu akiyanywa au akinyunyiziwa, risasi haimpati. Mimi siwacheki waliokunywa. Nchi ilikuwa imechoka kulimishwa pamba na kuchapwa, na mtu aliyechoka kiasi kile akipewa maji na tumaini, atakunywa vyote viwili. Ninaowacheka ni wale walioyaogopa maji.

Boma likatoa amri kwamba mwanamume yeyote asionekane na maji katika chombo kidogo, iwe kibuyu, chupa au birika. Mitungi mikubwa ruksa, maana wanawake lazima wachote. Haya, mtu wa Kiislamu atatawadha na nini? Mngemwona imamu wetu wakati huo, mtu wa heshima na kilemba chake, anakwenda chooni na mtungi mzima kichwani kama bibi harusi wa zamani! Msikitini palijaa mitungi hata safu ya nyuma ikasali uani.

Bwana Msumeno aliogopa kuliko boma lenyewe. Akaongeza amri yake kuwa ndani ya kiwanda, maji na chuma visikutane kabisa. Tulikuwa na kibuyu kimetundikwa juu ya jiwe, kimetobolewa tundu dogo, kikidondosha maji wakati wa kunoa. Akakikata kamba kwa mkono wake. Halafu akakumbuka kwamba kiwanda kimejengwa kando ya mto, na bamvua likija, yaani bahari ikijaa sana, maji hupita chini ya mbao za sakafu. Akamweka askari mlangoni kuyazuia. Askari yule alisimama na bunduki, maji yakamfika vifundoni, yakamfika magotini, naye amekaza macho mbele. Yalipokupwa akatoa ripoti kuwa adui amerudi nyuma.

Kunoa bila maji, wanangu, ni kuua shoka. Chuma hupata moto, ukingo unakuwa buluu, na ukishakuwa buluu umekuwa laini. Wakata mikoko wakarudi na mashoka yamejikunja makali kama jani la tumbaku. "Fundi, hili ni shoka au mwiko?" wakauliza. Boriti zikapungua, Bwana Msumeno akapiga ukelele, wala haondoi amri.

Hapo mimi nikajiona mwerevu. Nilifikiri, kama maji hayaruhusiwi kulijia jiwe, jiwe si lingeweza kuyaendea maji? Jioni moja nililifungua jiwe, nikalishusha kwenye mfereji nyuma ya kiwanda, nikaliacha nusu yake ndani, linywe la kutosha siku nzima. Fundi alikuwa ameshaniambia mara ngapi sijui kuwa jiwe haliachwi ndani ya maji, upande mmoja unakunywa, unalainika na kuwa mzito, likizunguka linacheza. Nilisikia kwa sikio hili likatokea lile. Asubuhi nililinyanyua limeshiba, limeongezeka uzito kama mtu aliyetoka karamuni. Likanichomoka, likapiga ukingo wa boriti. Nikaligeuza huku na huku, sikuona alama. Nikalifunga mahali pake.

Sikuligonga. Naomba mlishike hilo. Nilijua kugonga, mpini wa mti ulikuwa mkononi mwangu, na sikuligonga kwa sababu niliogopa litakavyojibu.

Fundi Mkumba hakujua habari hiyo. Yeye alikuwa na akili zake nyingine. "Amri ya boma inasema chombo," aliniambia asubuhi hiyohiyo. "Mdomo si chombo." Akaenda mtoni, akajaza maji mdomoni, mashavu yakafura, akarudi kwenye jiwe. Injini ikitembea polepole, akaweka shoka, akapuliza. Pfuu! Akanoa kidogo, pfuu tena. Shoka likatoka na makali ya kunyolea ndevu. Wakata mikoko wakapiga foleni, watu kama ishirini, kila mmoja na shoka lake begani, wamefurahi.

Akapita shaushi, yaani mkubwa wa askari, mtu mnene kutoka mbali, mwenye roho nyepesi ya kushtuka. Akatoa salamu, "Salaam aleikum." Fundi ana maji mdomoni. Akaitikia kwa kichwa. Shaushi akarudia kwa nguvu zaidi. Fundi akaitikia kwa nyusi. Muislamu gani hajibu salamu? Shaushi akatazama vizuri. Akaona mtu wa milimani, kule kule dawa inakotoka, mashavu yamevimba, anapulizia maji silaha za wanaume ishirini waliojipanga kimya. Hivyo ndivyo waganga wanavyofanya, hilo hata mtoto alikuwa analijua.

"Temea chini!" akapiga kelele.

Fundi akatema. Kwa bahati mbaya shaushi alikuwa amesimama karibu mno. Akajiangalia kifuani alivyolowa, akajipapasa, akawa hajui kama amedhurika au amepata kinga. Halafu akamfunga Fundi mikono.

Kwa kosa lile, siku zile, adhabu ilikuwa kitanzi. Nisiwafiche. Tulikuwa tumeshasikia za watu walionyongwa kwa kuonekana na chupa. Mke wa Fundi alikuja akakaa nje ya uzio wa kiwanda, hakulia wala hakula, akawa anaikunja na kuikunjua kanga yake.

Kesho yake asubuhi afisa akaja kwa mashua kuamua kesi palepale kiwandani. Tulimwita Bwana Kalamu. Alijua Kiswahili, na kila alichosikia alikiandika. Wakamwekea kiti na meza, na Bwana Msumeno akamletea birika la chai, maana kwa Wazungu birika halikukatazwa.

"Mdomoni mlikuwa na nini?" akauliza.

"Maji, Bwana," akasema Fundi.

Bwana Kalamu akaandika. "Amekiri. Maji ya nini?"

"Ya jiwe."

"Jiwe linakunywa?"

"Linakunywa sana, Bwana. Kuliko mimi."

Akaandika kwa muda mrefu. "Na watu ishirini wenye mashoka walikuwa wanangoja nini?"

"Zamu yao."

"Zamu ya vita?"

"Zamu ya kunolewa, Bwana. Nikimaliza hapa wanakwenda kwenye mikoko, wanarudi kesho wanalalamika. Ingekuwa jeshi ningeshalifukuza."

Watu wakaguna kucheka, wakajizuia. Bwana Kalamu akasema yeye ni mtu wa elimu, atapima. Yaletwe mashoka mawili, moja lililopuliziwa na moja kavu. Yatundikwe, shaushi ayapige risasi. Lenye dawa litajulikana.

Mimi sikusoma, lakini hata mimi niliona hapo pana kasoro. Shaushi akalenga shoka la maji. Paa! Risasi ikagonga chuma ikaruka. Watu wakasema, "Eee!" Akalenga lile kavu. Paa! Ikaruka vilevile, safari hii ikapita mezani, ikatoboa birika. Chai ikamwagikia mashoka mengine yaliyokuwa chini.

Kisha mkata mikoko mmoja kutoka nyuma akasema, "Kumbe yote yana dawa." Shaushi akarudi hatua tatu. Bwana Kalamu akaandika kwamba mashoka yote ya kiwanda yamelishwa dawa, na nikaona kwa macho yangu Fundi Mkumba anazidi kukaribia kitanzi kwa sababu ya ugumu wa chuma.

Hapo nikasogea mbele. "Bwana mkubwa, nipe ruhusa niwashe jiwe. Ninoe shoka moja kavu na jingine kwa maji. Utaona mwenyewe kazi ya maji." Bwana Kalamu akakubali, akataka kiti chake kiwekwe mahali atakapoziona cheche vizuri. Askari wakakibeba wakakiweka mbele ya jiwe, sawasawa na mzunguko wake, hatua nne.

Nilipofika kwenye jiwe ndipo nikakumbuka ni jiwe gani. Ghalani lilikuwapo jingine jipya, lakini jiwe jipya lazima lisawazishwe kabla ya kufungwa, kazi ya nusu siku, na Bwana Kalamu ameshatazama saa yake mara mbili. Nikachukua mpini, nikaligonga kidogo, kwa siri. Likajibu kama boga. Sasa jiwe lililoloa nalo hujibu vibaya, hata kama ni zima, kwa hiyo sikuwa na hakika kama ni maji au ni ufa. Nikainua macho nikakutana na ya Fundi. Masikio yake makubwa yalikuwa yamesikia.

Nitawaambia kweli. Mwezi ule, ng'ambo ya mto, watu wa nchi hii walikuwa wanakufa wakijaribu kumfikia mtu kama yule kwa mikuki na magobori. Mimi nilikuwa naye hatua nne, amekaa mwenyewe kitini mbele ya jiwe lenye ugonjwa, kalamu mkononi, anangoja. Sikutakiwa kufanya lolote ila kunyamaza. Na kama jiwe lingemwua, wangenyongwa Fundi na mimi na pengine wale ishirini, hilo nalo nililijua. Na kama ningesema, wangeuliza limelowaje, na kamba ingekuwa yangu. Yote hayo yalinipita kichwani kwa pamoja, nikashindwa kuchagua.

Nikanyamaza. Nikatia mkanda.

Jiwe likaanza kuzunguka, likacheza. "Haraka zaidi!" akasema Bwana Kalamu. Injini ikaongezwa moto.

"Bwana, toka hapo!" Sauti ya Fundi Mkumba. "Jiwe hilo linaumwa! Toka mbele!"

"Mfungwa hataniambia mahali pa kukaa," akajibu Bwana Kalamu, akakaza mgongo kitini.

Fundi mikono imefungwa nyuma, basi akatumia alichobakiwa nacho. Akainamisha kichwa, akatoka mbio kama beberu, akamfuma Bwana Kalamu ubavuni. Wakaanguka wote wawili kwenye tope. Jiwe likapasuka. Nusu ilitoka na makuti ya paa ikaenda kudumbukia mtoni. Nusu nyingine ilipita pale kwenye kiti. Sisemi iligonga kiti, nasema ilipita, ikabaki miguu minne imesimama haina cha kubeba.

Bwana Kalamu aliinuka, akatafuta kalamu yake kwenye tope, akaifuta, akaandika akiwa amesimama. Kosa la uganga limefutwa, kwa sababu mganga mwenye dawa ya kweli hana haja ya kumwokoa mtu kwa kichwa. Kosa la kumpiga afisa limesamehewa. Kosa la kupoteza jiwe, mali ya kiwanda, halisameheki. Jiwe lilikuwa chini ya nani?

Nikafungua mdomo. "Bwana, mimi ndiye..."

"Huyu ni mvuta mkanda tu," akanikata Fundi. "Hajui jiwe wala mama yake jiwe. Fundi ni mimi. Jiwe langu."

Akahukumiwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, na mimi nikaamriwa kuhesabu kwa sauti. Nilihesabu. Nilipokwisha kutaja kumi na saba nikakwama. Shaushi akanitazama, na yeye mwenyewe akasema, "Ishirini," akaendelea kuanzia hapo. Kwa viwili vile alivyoviruka namwombea dua mpaka leo.

Alasiri nilikwenda kwake. Amelala kifudifudi, mkewe anampaka mafuta ya nazi. Nikapiga magoti nikamweleza yote, mfereji, kuchomoka, kutogonga. Nililia kama mtoto, sioni haya kusema.

"Najua," akasema. "Nilisikia ulivyoligonga. Ulibisha hodi kama mwizi."

"Nisamehe, Fundi. Ulinizuia nisiseme."

"Ungesema umelilaza jiwe kwenye maji, wangekunyonga kwa maji yale. Mimi mgongo utapona. Lile jipya la ghalani umeligonga?"

"Bado."

"Basi hapa unalia nini? Nenda ukalie huko, huku unaligonga."

Vita vilipopoa Fundi Mkumba alipanda milimani kutafuta ndugu zake. Huko palikuwa na njaa, mashamba yamechomwa. Hakurudi.

Huku delta hadithi ilikwisha kugeuka. Watu wakasema kulikuwa na kijana wa Kindengereko shujaa, alimwekea Mzungu jiwe bovu kwa makusudi, likamvunjia kiti. Nimepewa kuku kwa hadithi hiyo. Nimepishwa safu ya mbele arusini. Nyinyi wenyewe, mliponikaribisha uji, mmoja wenu alisema, "Mpeni babu, huyu ndiye yule wa jiwe."

Yule wa jiwe alikuwa mwingine. Alikuwa na mikono iliyofungwa, na mbele yake amekaa mtu aliyekuja kumnyonga, naye akamwambia toka hapo. Mimi mikono yangu ilikuwa wazi, mdomo wangu haukuwa na maji, na nilinyamaza. Nimeendelea kunyamaza miaka yote hii kila nilipoletewa kuku.